Neno na Ushahidi: Siti binti Saad na Utetezi wa Wanawake Walioitwa Malaya Unguja

1.0 Utangulizi

Miaka michache iliyopita mwanafunzi wetu mmoja wa shahada ya uzamili alituletea tafsiri ya kijitabu cha afya kilichokusudiwa wasomaji wa Unguja. Katika ukurasa mmoja tu, mwanamke yule yule alikuwa ametajwa kwa majina manne. Mwanzo aliitwa kahaba. Aya ya pili akawa malaya. Chini ya picha akawa changudoa. Na katika kisanduku cha mwisho, ambako nadhani mfasiri alimkumbuka aliyemlipa, akawa mfanyabiashara ya ngono. Mwanafunzi alitaka kujua ni lipi kati ya hayo lililo fasaha. Tulimjibu kwamba yote manne ni Kiswahili, na kwamba swali lake lilikuwa kubwa kuliko alivyodhani.

Makala haya yana nia ya kulijibu swali hilo kwa njia ndefu kidogo, yaani kwa kupitia maisha ya mtu mmoja. Mtu huyo ni Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja aliyefariki mwaka 1950. Hapana budi tuseme mapema kile tusichokidai. Siti hakuunda chama cha wanawake wanaouza ngono, wala hatuna sababu yoyote ya kudai kwamba mwanamke aliyemtetea katika wimbo wake mashuhuri alikuwa anauza mwili wake. Tunachodai ni kwamba alichukua kesi ya wanawake ambao neno lao halikupimwa mahakamani kwa sababu ya mahali walipokuwa na watu waliokuwa nao, akaisikilizisha upya mbele ya hadhara ya mji mzima. Kwa hiyo anayetafuta Unguja nasaba ya utetezi wa haki za wanawake hao atamfikia Siti kabla ya kufikia jumuiya yoyote iliyoandikishwa. Pia tunadai kwamba njia aliyoitumia ilikuwa ya kiisimu, na kwamba wanaharakati wa leo, pamoja na istilahi zao mpya, hawajaitazama vya kutosha.

2.0 Kutoka Mtumwa hadi Siti

Siti alizaliwa Fumba, kusini magharibi ya Unguja, yapata mwaka 1880. Baba yake alikuwa wa asili ya Kinyamwezi na mama yake wa asili ya Kizigua, na wote wawili walitoka katika tabaka la watumwa. Jina alilopewa mtoto lilikuwa Mtumwa. Lilikuwa jina la kawaida kwa watoto wa kizazi chake, na hapana haja ya kudhani kwamba wazazi wake walilitoa kwa uchungu. Lakini jina la namna hii humtangulia mtu kila mlango anaobisha. Kazi yake ilikuwa ya mama yake, ufinyanzi. Alibeba vyungu kichwani akavipeleka mjini, na masimulizi yote yanakubaliana kwamba sauti yake ilijulikana kwanza kwa kunadi vyungu hivyo, kabla hajaimba mbele ya mtu yeyote.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alifundishwa kuimba na kughani Kiarabu na Muhsin Ali, aliyekuwa na uhusiano na wanamuziki wa Ikhwani Safaa, klabu ya taarab iliyoanzishwa mwaka 1905. Baadaye alikuwa na kundi lake mwenyewe, ambamo tunakuta majina ya Subeti Ambar, Buda Swedi na Mbaruku Talsam. Jambo lililomtenga Siti na waliomtangulia ni lugha. Taarab ya majumbani mwa wakubwa ilikuwa ya Kiarabu. Siti aliijua, akaiimba mbele ya wenye enzi, kisha akaiimba kwa Kiswahili nyumbani kwake Ng'ambo kwa watu waliokuwa hawana mwaliko Forodhani. Mwaka 1928 kampuni ya gramafoni iliyokuwa ikitumia nembo ya HMV ilimpeleka Bombay yeye na wenzake kurekodi. Laura Fair, ambaye kitabu chake cha mwaka 2001 ndicho kazi pana zaidi juu ya utamaduni wa watu wa mji wa Zanzibar baada ya utumwa, anaeleza kuwa kufikia mwaka 1931 sahani za Siti na wenzake zilizouzwa zilizidi 72,000. Kwa mji ambao wengi wa wakazi wake hawakuwa na gramafoni, hiyo si idadi ndogo. Sahani moja katika mkahawa iliwatosha wasikilizaji wa mtaa.

Kuhusu jina lake la pili, mapokeo yanasema kwamba alipewa na bwana mmoja wa tabaka la juu aliyependezwa na uimbaji wake. Neno *siti* limetoka katika Kiarabu *sitti*, ufupisho wa maneno yenye maana ya "bibi yangu" kwa maana ya mwungwana wa kike. Tazama basi umbali uliopo. Mtu alizaliwa akiitwa kwa hali yake ya kisheria, yaani kitu cha mtu mwingine, akafa akiitwa kwa neno ambalo ndani yake msemaji ndiye anayejishusha. Hakuna mwanamke mwingine wa Unguja wa wakati ule ambaye maisha yake yanaonyesha kwa uwazi kiasi hicho kwamba jina linaweza kuondolewa na kuwekwa jingine, na kwamba kinachobadilika si sauti tu.

Hata hivyo jina jipya halikumkinga. Mwanamke aliyeimba usiku mbele ya wanaume, tena akilipwa, alikuwa karibu mno na mpaka ambao upande wake wa pili ulikuwa na jina moja tu. Wapinzani wake walitunga beti za kumsimanga kwa ushamba wake, umaskini wa nguo aliyokuja nayo mjini na sura yake. Yeye alijibu kwa beti, akisifu akili na mwenendo dhidi ya sura na nasaba. Shaaban Robert, katika wasifu wake uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1958, anamchora kama kielelezo cha heshima, na amefanya hivyo kwa bidii ambayo msomaji wa leo anaweza kuiona imezidi. Binafsi sioni kuwa imezidi. Shaaban alikuwa anajibu neno ambalo wasomaji wake wa mwanzo walilijua bila yeye kulitaja.

3.0 Uga wa maneno

Neno hilo lilikuwa *malaya*, lakini halikuwa peke yake. Unguja imerithi uga mzima wa maneno yanayohusu wanawake na kujamiiana nje ya ndoa, na uga huo umepangwa kwa historia ya utumwa zaidi ya ilivyo katika bara.

Tuanze na *suria*. Suria alikuwa mjakazi ambaye bwana wake alilala naye kwa haki ya umiliki. Mtoto wake, bwana akimkubali, alikuwa mwungwana na mrithi. Dikrii ya tarehe 6 Aprili 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba iliwaacha masuria nje. Hali yao ililinganishwa na ya wake, na haikufutwa mpaka mwaka 1909. Yaani kwa miaka 12 mwanamume aliyekuwa mtumwa aliweza kwenda mahakamani kudai uhuru wake, na suria akabaki ndani. Neno *suria* lilikuwa na staha. Lilikuwa na mlango, ua na mlezi. Lakini halikuwa na ridhaa ndani yake, na hili ni jambo ambalo kamusi zetu hazikulazimika kulisema.

*Kahaba* ni neno la Kiarabu, *qahba*, na Kiswahili kimelipokea pamoja na uzito wake wa kidini. Hili ndilo neno la waadhini, la tafsiri za vitabu vitakatifu na la magazeti. Mtu hupigana na ukahaba. Hapigani na umalaya, ila katika ugomvi wa uani. *Kuwadi*, kutoka *qawwad*, limekuja kwa njia hiyo hiyo. *Kimada* na *hawara* yanasimama kati, kwa mwanamke anayetunzwa na mwanamume mmoja asiyemwoa. Wasomaji wa bara watatukumbusha *changudoa*, lililoenea kutoka Dar es Salaam. Wavuvi wetu wanamjua changu doa kama samaki, aina ya changu mwenye baka ubavuni. Kwa nini samaki huyu akachaguliwa ni jambo lenye maelezo mengi ya vijiweni, na hatutaongeza la kwetu. Inatosha kuona kwamba neno limegawanyika kwa urahisi katika bidhaa ya sokoni na doa.

*Malaya* lenyewe lina historia yenye mafunzo zaidi. Luise White, katika utafiti wake wa Nairobi ya kikoloni uliochapishwa mwaka 1990, alionyesha kwamba wanawake wazee wa Pumwani waliozungumza naye walilitumia neno hili kama jina la namna mahsusi ya kazi. Malaya alimngojea mwanamume ndani ya chumba chake, akamtolea chai, maji ya kuoga na mahali pa kulala. *Watembezi* walitafuta wateja barabarani. *Wazi-wazi* walikaa nje ya milango yao. Kila namna ilikuwa na bei zake na adabu zake, na baadhi ya malaya walijenga nyumba ambazo walizirithisha wenyewe. Tunalitaja hili kwa sababu wapo wanaosema kwamba wazo la kuiita shughuli hii *kazi* limeletwa na wafadhili. Wanawake wa Pumwani walihesabu kodi, akiba na saa kwa Kiswahili kabla ya Vita vya Pili vya Dunia.

Wanafunzi wetu, wakifika hapa, hupenda kutafuta dharau katika ngeli. Husema kwamba *kahaba* na *changudoa* huchukua *ma-* katika wingi, na kwamba *ma-* ndiyo ngeli ya majitu na majizi. Hoja hii haisimami, kwani *makadhi*, *mabwana* na *masheha* nao wamo humo. Dharau haimo katika kiambishi. Tunaona kwamba imo katika jambo jingine la sarufi, ambalo ndilo kiini cha makala haya. Nomino haina njeo. Tukisema *yule ni malaya*, hakuna mahali pa kuweka jana wala leo. Kiungo *ni* hakipokei wakati. Tukisema *mwanamke aliyeuza*, *anayeuza*, *aliyekuwa akiuza*, wakati umo ndani ya kitenzi, na palipo na wakati pana mwanzo na huenda pana mwisho. Kiswahili kina utajiri mkubwa wa vitenzi rejeshi vyenye njeo, na mtu yeyote anaweza kuvitumia bila kusubiri istilahi kutoka popote. Mtu aliyeiba mara moja twaweza kumwita *aliyeiba*. Tukimwita *mwizi*, tumemhukumu kwa siku ambazo hazijafika.

4.0 Wimbo wa Kijiti na kiti cha shahidi

Sasa turudi kwa Siti. Katika nyimbo zake hakuna unaokumbukwa Unguja kuliko ule wa Kijiti. Habari yenyewe, kama wimbo na masimulizi ya wazee yanavyoieleza, ni fupi. Mwanamke mjamzito alikuja Unguja akitokea bara. Mwanamume aitwaye Kijiti alimchukua kwenda naye katika starehe yenye pombe. Huko alimwua, kisha akavuka bahari akatoroka. Kesi ilipofika mahakamani, mwuaji hakuwapo. Waliokuwapo ni wanawake waliokwenda kutoa ushahidi. Hakimu alikasirika, na waliofungwa ni mashahidi.

Kwa msikilizaji wa leo jambo hili ni kioja. Kwa wakati ule lilikuwa na mantiki yake ya kisheria, na inafaa tuieleze. Sheria ya ushahidi iliyotumika katika mahakama za Kiingereza Zanzibar ilijengwa juu ya Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872. Humo, katika kifungu cha 155, mshtakiwa wa ubakaji aliruhusiwa kuonyesha kwamba mwanamke anayemshtaki ni wa mwenendo mchafu kwa jumla, ili neno lake lipungue thamani. India yenyewe haikukiondoa kipengele hicho mpaka mwaka 2002. Kesi ya Kijiti ilikuwa ya mauaji, si ya ubakaji pekee, na hatusemi kwamba hakimu alisoma kifungu hicho kutoka kitini. Tunasema kwamba alikaa katika jengo ambalo fikra hiyo ilikuwa sheria: kuna wanawake ambao, kabla ya kusikilizwa walichokiona, huulizwa kwanza walikuwa huko kufanya nini. Jina likishakubalika, ushahidi umekwisha. Hapa ndipo *malaya* linapoacha kuwa tusi tu na kuwa hoja ya kisheria.

Siti na wenzake (kwani utunzi wa kundi lile ulikuwa wa pamoja, na si rahisi kutenga beti ya mmoja na ya mwingine) walifanya mambo matatu katika wimbo huo. La kwanza, jina linalotawala ni la mwanamume. Wimbo umepewa jina lake, unamtaja tena na tena, na wasikilizaji wanaitwa watazame *alivyofanya*. Kitendo kimepewa mtendaji. Katika porojo za mjini mambo huenda kinyume: mwanamke "aliuawa", kitenzi kikawa katika kauli ya kutendwa, na mwuaji akapotea katika sarufi kama alivyopotea katika jahazi.

La pili, mwanamke aliyeuawa anaitwa *mgeni*. Kati ya majina yote ambayo mji ulikuwa nayo tayari kwa mwanamke aliyekwenda kunywa na mwanamume asiye mumewe, watunzi walichagua lile linalomfunga mwenyeji. Mgeni hana sifa wala kasoro. Ana haki juu ya aliyempokea. Kwa watu wa visiwani neno hili halihitaji maelezo. Mama zetu walikuwa na usemi wa jamaa yake, *mtoto wa watu*, walioutumia kumzuia mtu aliyetaka kumfanyia jeuri asiyejulikana: muache, ni mtoto wa watu. Hawakuuliza mtoto huyo alikuwa wapi usiku.

La tatu ndilo kubwa zaidi. Sehemu ya wimbo inasemwa na marehemu mwenyewe, katika nafsi ya kwanza. Anaeleza alivyoitwa, anajuta kutokukataa, anamwambia mwuaji kwamba anamwua na kwa kileo kidogo namna gani. Mahakama iliwafunga walio hai waliosema. Wimbo ulimpandisha aliyekufa katika kiti cha shahidi. Nimewasikia wahakiki wakilieleza jambo hili kama mbinu ya kuleta huzuni. Huzuni ipo, lakini nadhani hawakufika mbali. Ushahidi hutolewa kwa *mimi*. Anayezungumzwa kwa *yeye* siku zote ni mtu wa kutolewa maelezo na wengine, na wanawake walioitwa malaya wamezungumzwa kwa *yeye* na polisi, na mashekhe, na madaktari, na watafiti, sisi tukiwamo. Siti aligeuza nafsi. Na pombe, ambayo mbele ya hakimu iliwageukia wanawake, katika kinywa cha marehemu inamgeukia aliyeitoa.

Tanbihi moja. Kusema kwamba Siti aliwatetea wanawake hao si kusema kwamba alisifu maisha ya namna ile. Majuto yamo katika wimbo. Wimbo unaweza kusikilizwa kama onyo kwa mabinti, na bila shaka ulisikilizwa hivyo majumbani. Lakini onyo halikumpunguzia marehemu haki yake hata chembe, na uwezo huo wa kushika mawili kwa pamoja ndio ambao mijadala yetu ya leo mara nyingi imeukosa.

5.0 Istilahi mpya na ilivyotafsiriwa

Mwaka 1987 wanahabari wanawake wa Tanzania waliunda chama chao, TAMWA, na mwaka uliofuata wakaanza kutoa jarida walilolipa jina *Sauti ya Siti*. Chaguo lilikuwa sahihi kuliko pengine walivyojua wenyewe. Lakini wakati huo huo neno jingine lilikuwa njiani likija.

Carol Leigh, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1951 na kufariki mwaka 2022, aliyeuza ngono San Francisco na kutetea wenzake kwa miongo minne, ameeleza katika insha yake ya mwaka 1997 jinsi alivyolibuni. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alihudhuria mkutano wa wanawake uliopinga picha za ngono. Kikao kimoja kilikuwa na kichwa kilichotaja kutumiwa kwa wanawake. Leigh aliona kwamba kichwa hicho kilimwacha mwanamke kama yeye bila nafasi katika chumba, isipokuwa nafasi ya kitu kilichotumiwa. Alipendekeza neno la *kutumia* liondolewe na badala yake liwekwe neno la *kazi*, kwa kuwa kutumia kulieleza alichofanya mwanamume na kazi kulieleza alichofanya mwanamke. Mwenye sikio la sarufi ataona kwamba hoja yake ilikuwa ile ile ya Siti: nani mtendaji wa kitenzi?

Istilahi hiyo ilienea duniani pamoja na harakati za UKIMWI, na ikafika Afrika Mashariki kwa mlango wa hospitali. Elizabeth Ngugi, mwuguzi aliyekuja kuwa profesa Nairobi na kufariki mwaka 2015, aliwapanga wanawake wa Pumwani katika vikundi vyenye viongozi wao waliowachagua kuanzia miaka ya 1980. Mwaka 1998 likaanzishwa Kenya shirika lililojiita la wahudumu wa baa, na mwaka 2008 likaanzishwa Uganda shirika la WONETHA, ambalo jina lake refu linataja mtandao wa wanawake na haki za binadamu, basi. Vyama hivi viliundwa kutetea watu wenye jina, na vikajiandikisha bila jina hilo. Siwalaumu, karani wa uandikishaji naye ni msomaji.

Kiswahili kilipolipokea neno la Leigh, kililipokea vibaya. Yeye alisema kazi. Sisi tukasema *biashara*. Sababu inaweza kuwa ya kimatamshi, kwani *mfanyabiashara* lilikuwa tayari limeundwa na kuzoeleka, lakini matokeo si ya kimatamshi. Kazi ina mfanyakazi, saa, ujira na mtu anayeweza kushtakiwa asipolipa. Biashara ina bidhaa. Na bidhaa ni nini? Magazeti yamejibu bila kusita: *wanawake wanaouza miili yao*. Katika mji mwingine usemi huu ungeweza kupita kama sitiari. Katika Mji Mkongwe haupiti. Pale Mkunazini, ambapo sasa pana kanisa kuu la Waanglikana, miili iliuzwa kweli mpaka soko lilipofungwa mwezi Juni 1873, na mwuzaji hakuwa mwenye mwili. Kumwambia mjukuu wa waliopitishwa pale kwamba anauza mwili wake ni kumfanya dalali na mtumwa kwa pamoja.

Ajabu ni kwamba neno la pili katika istilahi hiyo, ambalo watu hulionea haya zaidi, lina asili njema. *Ngono* ni la Kibantu, la ukoo mmoja na *-gona*, kulala, na kamusi zetu zimehifadhi maana yake ya zamani: zamu ya mke kulala na mumewe katika nyumba ya mitala. Yaani lilikuwa neno la haki. Mke aliyekoseshwa ngono yake alikuwa na jambo la kushtaki.

Wakati istilahi zikibadilika, sheria Unguja ilikuwa na njia yake. Sheria ya mwaka 1985 ya kuwalinda wari, wajane na wanawake walioachwa ilimpa kifungo cha miaka 2 mwanamke asiye na mume aliyepata mimba. Ulinzi wa namna hiyo unastahili makala yake katika taaluma ya maana. Ilibadilishwa mwaka 2005, adhabu ikawa huduma kwa jamii. Utafiti uliofanywa Unguja mwaka 2007 uliwakuta zaidi ya asilimia 10 ya wanawake wanaouza ngono wana virusi vya UKIMWI, ilhali kwa watu wazima wa visiwani kwa jumla kiwango kilikuwa chini ya asilimia 1. Mwaka 2013 ripoti ya Human Rights Watch juu ya Tanzania, ambayo wahojiwa wake walikuwamo na wa Zanzibar, ilikusanya maelezo ya wanawake waliodhulumiwa na polisi wenyewe, na ya wengine walioona kushtaki ubakaji ni kujipeleka kizuizini. Mashahidi wa kesi ya Kijiti wangeelewa bila mkalimani.

Tulirudi basi kwenye kijitabu cha mwanafunzi wetu. Hatukukubaliana kwa kila jambo. Yeye alipenda *wafanyakazi wa ngono*, nami nikaona kwamba msomaji wa Kikwajuni angesimama hapo asiendelee. Pale palipokuwa na takwimu tuliandika *wanawake wanaouza ngono*, kwa kitenzi chenye njeo, na tukafuta *miili* kila ilipotokea. Ukurasa wa wahudumu wa kliniki ulisema *mgonjwa* tangu mwanzo hadi mwisho. Ukurasa wa kituo cha polisi, ambao katika tafsiri ya kwanza ulianza kwa *kahaba akibakwa*, sasa ulianza kwa *mlalamikaji*. *Changudoa* lilibaki mahali pamoja tu, ndani ya alama za mtajo, ambapo mwanamke mmoja aliyehojiwa alisema *mimi* kisha akalitumia mwenyewe. Hapo hatukuligusa.